Kufuli, Ufunguo na Daftari la Wakala

Umeme ulikatika saa nane mchana, simu yangu ikiwa imefunguliwa tumbo juu ya meza ya fundi. Fundi huyo wa Temeke hana jenereta. Ana benchi la mbao nje ya duka, na benchi hilo likishakaliwa na watu watatu linageuka bunge. Siku hiyo tulikuwa watano: Fundi mwenyewe, kijana aliyejifunza udukuzi kwa kutazama video saa za vifurushi vya usiku; Mwalimu, dada anayefundisha mitandao ya kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi, aliyefuata laptopu yake; Mzee, mhasibu mstaafu wa benki, ambaye hakuleta kitu cha kutengenezwa na huwa haleti; Mama Wakala, mwenye kibanda cha fedha za simu ng'ambo ya mfereji; na mimi. Majina yao nayaacha. Walikubali niandike walichosema, si walivyoitwa.

Hoja ililetwa na Mama Wakala. Mpwa wake amemaliza kidato cha sita, anataka kusomea usalama wa kompyuta na mitandao, na kila anayemuuliza anamwambia lake. Aanzie wapi?

FUNDI: Aje kwangu. Miezi mitatu tu. Namwekea Kali Linux, namwonyesha kukagua milango ya mtandao, kubahatisha nywila, kunasa Wi-Fi. Nadharia atasoma uzeeni. Mimi nani alinifundisha? Niliua kompyuta mbili, ya tatu ikanielewa.

MWALIMU: Ikakuelewa yenyewe. Wewe je, uliielewa? Programu yako ya kukagua ikikwambia mlango namba 23 uko wazi, unafanya nini?

FUNDI: Naufunga. Hiyo telneti.

MWALIMU: Kwa nini unaufunga?

FUNDI: Kwa sababu inakuja kwa maandishi mekundu.

Tulicheka, yeye akituongoza.

MWALIMU: Telneti hupitisha kila kitu uchi, nywila ikiwemo. Ukilijua hilo, hata waje na kitu kipya chenye jina la kupendeza, utauliza swali lile lile: kinachopita humu, nani mwingine anaweza kukisoma? Usipolijua, unasubiri rangi nyekundu. Siku programu ikikosea rangi, umekwisha.

Nikamuuliza yeye anaanzaje darasani. Akasogeza bilauri ya kahawa pembeni, akapanga vifuniko vya simu vya Fundi kama vile ni vifaa vya maabara.

MWALIMU: Siku ya kwanza sisemi sana. Naweka mezani ruta ya zamani, swichi moja na kompyuta tatu. Moja natengenezea ukurasa wa kuingilia usio na usimbaji wowote. Swichi naiamuru inakili kila kinachopita, nakala iende kwenye kompyuta ya pembeni yenye Wireshark, programu ya kusoma kinachopita mtandaoni. Namwita mwanafunzi mmoja aandike jina na nywila ya kubuni, abonyeze. Kisha nawaita wote kwenye kompyuta ya pembeni. Katikati ya mistari ya namba, neno lile lile limelala pale, herufi kwa herufi. Darasa linanyamaza. Kuna mwaka mmoja kijana aliandika nywila yake ya kweli ingawa nilikataza. Nilimjua kwa jinsi alivyotoa simu mfukoni akakimbilia nje. Halafu nawasha usimbaji wa HTTPS, tunarudia. Pakiti bado unazihesabu, anwani za watumaji unaziona, lakini ndani ni vurugu tupu. Hapo ndipo nafungua kitabu, kwa sababu sasa wananiuliza wao.

FUNDI: Mwalimu, hiyo Wireshark ni zana. Umeanza na zana.

MWALIMU: Nimeanza na swali. Zana imebeba swali.

Niliona Fundi hakuridhika, na kwa kweli alikuwa na haki ya kutoridhika. Jibu lile lilikuwa tamu kuliko lilivyokuwa kamili. Akarudi na jiwe kubwa zaidi.

FUNDI: Sawa. Mei 12, 2017, ule mnyoo wa kompyuta, WannaCry, umefunga kompyuta za hospitali za Uingereza, wagonjwa wanarudishwa nyumbani. Kiraka cha tundu lile Microsoft walikuwa wameshakitoa tangu Machi 14. Miezi miwili! Mnataka kuniambia wale Waingereza hawakuwa na wasomi wa kanuni? Walikuwa nao, wamejaa. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa mbele ya mashine akabofya sasisha.

MWALIMU: Hiyo nakupa. Nakupa yote, sikati hata senti.

MZEE: Nyinyi mnazungumza kana kwamba mambo haya yamezaliwa na kompyuta. Kasha la fedha la tawi letu lilikuwa na funguo mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao meneja msaidizi. Mtu mmoja peke yake hafungui, hata mke awe amelazwa usiku ule na hospitali inadai. Na aliyeandika vocha hakuwa yeye aliyeiidhinisha. Kompyuta hatukuwa nayo hata moja. Tulikuwa na mashine ya kujumlisha yenye mkono wa kuvuta.

MWALIMU: Mzee wangu, hiyo ya funguo mbili imo vitabuni. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika makala juu ya kulinda habari ndani ya kompyuta, wakaweka kanuni nane. Yako imo. Imo nyingine inayosema kila mtu na kila programu ipewe ruhusa ndogo kabisa inayotosha kazi yake, basi. Nyingine inasema mlango uwe umefungwa tangu mwanzo, afunguliwe anayestahili. Si uwe wazi, halafu mnaanza kuorodhesha wabaya wa kuwafungia. Watu wanatengeneza faiawoli mpaka leo kwa kanuni hiyo. Kompyuta za 1975 zimekwisha kuwa vyuma chakavu, kanuni zipo.

FUNDI: Mimi mtandao wangu hapa dukani nimeuficha jina. Hauonekani. Hiyo nayo kanuni?

MWALIMU: Hiyo ndiyo kinyume chake. Kulikuwa na Mholanzi, Auguste Kerckhoffs, akifundisha lugha Paris. Mwaka 1883 aliandika juu ya siri za kijeshi kwamba mfumo uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kinachofichwa kiwe ufunguo peke yake. Jina la mtandao wako simu za wateja wako zenyewe zinalitangaza hewani zikiutafuta. Umeficha kufuli, ufunguo umeuandika wapi?

Sote tukatazama mlangoni. Nywila ya Wi-Fi ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya karatasi, kwa maandishi makubwa, juu ya bei za kubadilisha betri.

Kufikia hapo mjadala ungeisha kwa ushindi wa Mwalimu, na mimi ningeandika makala fupi. Lakini Mama Wakala alikuwa hajasema neno tangu aulize, na ukimya wake haukuwa wa mtu anayejifunza.

MAMA WAKALA: Hizo kanuni nane siku ile zilikuwa wapi? Nilipigiwa simu. Sauti ya kike, ya adabu, inanitaja kwa majina yangu matatu na namba yangu ya uwakala. Mama, tunahakiki akaunti za mawakala, isipohakikiwa leo itafungwa. Nina wateja watano wamesimama, mmoja ana mtoto analia. Namba ya siri hakuniuliza, mngenishangaa kama ningempa. Akaniambia utaona ujumbe unakuja kwenye simu yako, andika mwenyewe namba ya siri, usimtajie mtu. Nikaona huyu ni mwema, hata ananiusia. Nikaandika. Laki nne na nusu ya floti ikaondoka. Nilipokwenda kulalamika, mtandao wenyewe siutaji, waliniambia neno moja: umezembea.

FUNDI: Lakini Mama, samahani. Uliidhinisha kwa mkono wako. Huo si udukuzi, huo ni utapeli wa kawaida, kama zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii.

MWALIMU: Ni udukuzi. Amedukuliwa mtu badala ya mashine, kwa sababu mtu ndiye aliyekuwa rahisi. Na kanuni ya mwisho katika zile nane inahusu hapo hapo: kinga iwe nyepesi kutumika, kiasi kwamba mtu wa kawaida anaitumia sawasawa bila kuwa mtaalamu. Ujumbe ule uliandika nini, Mama?

MAMA WAKALA: Weka namba ya siri kuthibitisha.

MWALIMU: Kuthibitisha nini? Haukusema unamtumia nani, kiasi gani?

MAMA WAKALA: Labda ulisema. Ulikuwa na maneno mengi ya Kiingereza juu.

MZEE: Mimi simwonei huruma sana, mnisamehe. Karani wetu akifungua kasha kwa kuambiwa kwenye simu, jioni hiyo hana kazi. Utaratibu ulikuwa mmoja: ukipigiwa na mtu anayejiita makao makuu, kata, kisha piga wewe kwa namba iliyo kwenye daftari lako. Awe mkurugenzi, awe nani.

MAMA WAKALA: Huo utaratibu aliwafundisha nani?

MZEE: Benki. Wiki mbili tukiwa wapya, na kila mwaka tena.

MAMA WAKALA: Mimi kwenye semina walinipa fulana.

Sijui kama msomaji anasikia jibu hilo kama nilivyolisikia mimi. Mzee alitaka kusema kitu, akameza.

Mwalimu akasimulia kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha mchana ule wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyefariki mwaka 2024, alichunguza wizi wa mashine za kutolea fedha. Uingereza, mteja akidai kwamba fedha zimetolewa si kwa mkono wake, benki ilimjibu: mashine zetu hazikosei, umempa mtu kadi. Marekani, mzigo wa kuthibitisha ulikuwa juu ya benki, ikishindwa, inarudisha. Ungetarajia benki za Marekani ziliwe na waongo mpaka zifilisike. Kumbe benki za Uingereza ndizo zilizotumia fedha nyingi zaidi kwa usalama, na wizi ukawa mwingi zaidi kwao.

FUNDI: Inawezekanaje?

MWALIMU: Mlalamikaji ukishamwita mwongo, lalamiko lake haliandikwi kama hitilafu. Hitilafu isiyoandikwa, nani ataitengeneza? Aliyebeba hasara ndiye aliyejifunza. Kwa hiyo mpwa wako akisoma, Mama, na akaajiriwa kutengeneza mifumo, asome na hilo. Kwenye mitihani yetu halimo, nasema kweli.

MZEE: Lakini msitupe lawama zote kwa mkubwa. Wakubwa nao huibiwa. Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh: wezi wameingia kwenye mtandao wake, wanatuma maagizo 35 kwa benki kuu ya Marekani kule New York, karibu dola milioni 951. Wameanza usiku wa Alhamisi, kwa sababu Dhaka hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Matano yalipita. Milioni 81 zikaenda Ufilipino, 20 zikakwama Sri Lanka kwa sababu mwizi alikosea tahajia ya jina la mpokeaji. Mimi kilichoniuma ni printa. Ilikuwepo printa ya kuchapa kila agizo. Waliilemaza. Asubuhi watu wanaikuta haichapi, wanasema aa, printa, ndivyo zilivyo. Kumbukumbu ya muamala ikikaa mahali ambapo mwizi anafika, hiyo si kumbukumbu.

FUNDI: Na wapelelezi wao si walisema mtandao ulikuwa na swichi za mtumba za dola kumi, faiawoli hakuna? Hapo wangeniita mimi!

Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona Mwalimu akitikisa kichwa kukubali.

MAMA WAKALA: Niwaulize la mwisho, maana naona wateja. Huyu mtoto mkimfundisha kuvunja, mnajuaje hataiba?

Fundi akatazama miguu yake. Mwalimu ndiye aliyemtetea, jambo ambalo sikulitegemea.

MWALIMU: Mwaka 1851 London kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Fundi makufuli kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs, akalichukua kufuli la Chubb lililosifiwa kuwa halifunguki, akalifungua kwa kama dakika 25 mbele ya mashahidi. Kulikuwa na kufuli jingine, la Bramah, limewekwa dirishani mwa duka la Piccadilly tangu 1790 na tangazo la gini 200 kwa atakayeliweza. Hobbs akalikalia saa 51, zimegawanywa katika siku 16, likafunguka. Waingereza walikasirika kama wewe, Mama: anafundisha wezi! Hoja yake ilikuwa kwamba wezi wanajua tayari. Wasiojua ni wanunuzi wa makufuli. Na makufuli yakaboreshwa baada ya hapo. Kwa hiyo Fundi yuko sawa, lazima mtoto ajue kuvunja. Ila avunje cha kwake.

FUNDI: Mimi sijawahi...

MWALIMU: Sijasema wewe. Novemba 2, 1988, mwanafunzi wa Cornell, Robert Morris, aliachia mnyoo kwenye intaneti. Hakutaka kuiba kitu. Aliuwekea kwamba ukifika kwenye kompyuta yenye nakala tayari, mara moja kati ya saba ukae hata hivyo. Akakosea hesabu, saba ilikuwa ndogo mno. Nakala zikajazana, kompyuta zipatazo 6,000 zikalemaa. Mahakama ikampa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050.

MZEE: Akaishia wapi?

MWALIMU: Profesa, MIT.

MZEE: Basi mpwa huyo apelekwe Marekani.

MWALIMU: Hapa kwetu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa hata kama hukugusa kitu. Ndiyo maana ruta yangu ni ya zamani na ni yangu.

Mama Wakala aliinuka kuwafuata wateja, na sote tukavuka mfereji pamoja naye, maana umeme ulikuwa bado na maneno yalikuwa hayajaisha. Kibandani, juu ya kaunta, daftari lilikuwa wazi. Msomaji unalijua: daftari kubwa la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula, biki imefungwa kwa uzi ili isitembee. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho yenye tarakimu 20, kiasi, sahihi. Mteja aliyekuwa akiandika mstari wake alikuwa na majina ya watu kama ishirini na watano juu ya mkono wake, yamelala wazi. Kijana wa nyuma yake alikuwa anasoma. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasubiri tu, na macho lazima yaende mahali.

Mwalimu alisubiri wateja waondoke.

MWALIMU: Mama, aliyekupigia alikutaja majina matatu. Ulishangaa ameyapata wapi. Hawa wateja wako, wakipigiwa kesho, washangae mpigaji ameyapata wapi?

Mama Wakala alilitazama daftari muda mrefu. Akasema anatakiwa kuandika. Mwalimu akamwambia kuandika ni sawa, kuanika ndiko kubaya. Akajibu, na kwa hasira kidogo, kwamba mteja lazima aandike na kusaini mwenyewe, sasa afunike vipi na mistari iko ukurasa mmoja? Mwalimu wa kanuni nane hakuwa na jibu la hapo hapo. Alianza kusema jambo kuhusu ukurasa kwa kila mteja, akaliacha mwenyewe, kwa kuwa daftari lingeisha kwa wiki.

Fundi ndiye aliyerudi dukani mbio. Alileta kipande cha manila na wembe. Akaipima manila juu ya ukurasa, akatoboa dirisha refu jembamba, upana wa mstari mmoja, akaiweka. Mistari yote ikatoweka ukabaki mmoja. Mteja aliyefuata aliandika ndani ya dirisha bila kuuliza chochote, akasaini, akaondoka. Mama akaisukuma manila chini mstari mmoja.

MZEE: Hiyo ni ile ya ruhusa ndogo inayotosha kazi.

FUNDI: Ni ipi hiyo, ya ngapi?

Kura yangu naitoa, kwa kuwa mwandishi anayeripoti mjadala bila kupiga kura huwa amejificha. Mpwa aanze na Mwalimu: ajue pakiti inasafirije, Linux inagawaje ruhusa, aandike Python kidogo, na kila zana aishike akiwa na swali mkononi. Jioni aje kwa Fundi, kwa sababu kanuni isiyojua kukata manila ni maneno. Ila shauri kubwa zaidi nalipeleka kwa wanaotengeneza na kumiliki mifumo hii ya fedha za simu: ujumbe wa kuthibitisha uandikwe kwa Kiswahili kifupi, unamtumia nani na kiasi gani, jina na tarakimu, kabla ya kuomba namba ya siri. Na neno umezembea lisitumike kabla ya mtu kuuangalia ujumbe alioletewa mlalamikaji.

Umeme ulirudi karibu na magharibi. Fundi alipokuwa akibana skrubu za mwisho nilimuuliza Mwalimu kazi ya kwanza anayowapa wanafunzi wakarudi nayo nyumbani. Alisema ni orodha: kila simu, kila laini, kila ruta, kila akaunti iliyomo nyumbani, na nani anajua nywila ya kipi. Hakuna anayelinda asichojua kuwa anacho.

Kwa hiyo simu iliporudi mkononi nilipiga *106#, nikachagua kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha taifa. Fanya hivyo nawe kabla hujalala. Laini ninazotumia ni mbili. Zangu zilikuja nne.